Geji za Dashibodi Zinapodanganya: Kutafuta Hitilafu Kwenye Gari la Zamani

Kwenye gari la zamani, geji inayosoma uongo mara nyingi yenyewe ni nzima. Uongo unaanzia kwingine: waya ulioliwa na kutu, bolti ya hasi (njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi) iliyolegea, au sensa iliyochoka huko ndani ya tangi, na geji inarudia tu ilichoambiwa. Kwa hiyo kufungua dashibodi kuwe hatua ya mwisho. Plastiki iliyopigwa jua miaka 25 hukatika vishikizo kwa kuguswa tu, na anayeanza kwa kung'oa dashibodi huishia na geji ile ile mbovu, safari hii ndani ya dashibodi inayogongagonga.

Geji hudanganya kwa mpangilio. Kuna iliyolala chini, iliyoganda juu kabisa, inayochezacheza, na inayosoma nusu wakati tangi limejaa. Kila tabia inaelekeza sehemu yake ya njia ya umeme, na kazi yako ni kuifuata njia hiyo mpaka ujue imekatika wapi.

Vifaa

Multimita (kipimo cha volti na ohm) ya dijitali ya kawaida inatosha. Ongeza taa ya majaribio yenye balbu ndogo ya volti 12, wati 3.4, pamoja na rezista (vipande vinavyozuia umeme, ukinzani wake ukipimwa kwa ohm) chache za wati 5: ohm 10, 22, 33, 68, 100 na 220. Uwe na waya wa mita 3 wenye vibanio pande zote mbili, msasa laini namba 400, brashi ndogo ya shaba na dawa ya kupuliza ya kusafishia viungo vya umeme. Mchoro wa nyaya wa gari lako ukipatikana, uchapishe. Rangi za nyaya ndizo zitakazokuokoa.

Njia ya umeme ilivyo

Kwenye magari mengi ya zamani, umeme wa geji ya mafuta na ya joto unatoka kwenye swichi, unapita fyuzi, unaingia kwenye geji, kisha unashuka kwa waya mmoja hadi kwenye sensa na kurudi betri kupitia chuma cha bodi. Sensa ni rezista inayobadilika. Ukinzani wake ukipungua, umeme mwingi zaidi unapita na, kwa geji nyingi, mshale unapanda.

Geji hizi ziko za aina mbili, na unaweza kuzitofautisha kwa macho. Washa swichi bila kupiga stata. Mshale ukipanda polepole kwa sekunde kadhaa kabla ya kutulia, kuna uwezekano mkubwa ndani kuna utepe wa metali mbili uliozungushiwa waya. Waya ukipata moto utepe unajipinda na kuusukuma mshale. Mshale ukiruka mara moja, geji ni ya sumaku. Kuna za sumaku zilizotiwa oili ya silikoni ili mshale usitikisike barabarani. Hizo nazo hupanda taratibu, na baadhi hubaki pale pale hata ukizima swichi. Huo si ubovu.

Geji ya utepe ina udhaifu mmoja: inafuata volti. Betri ikishuka, mshale unashuka hata kama tangi halijapungua. Ndiyo maana watengenezaji waliweka stebilaiza, kifaa kidogo nyuma ya geji kinachoshusha umeme hadi wastani wa volti 10 kwenye magari mengi ya Uingereza yenye geji za Smiths, au volti 5 kwenye magari mengi ya zamani ya Ford ya Marekani. Kwenye baadhi ya magari ya Kijapani stebilaiza imefichwa ndani ya geji ya mafuta yenyewe, na hapo geji ya mafuta ikifa inaweza kuondoka na geji ya joto. Kumbuka hilo kabla ya kununua sensa mbili.

Kwanza hesabu: ni geji ngapi zimekosea?

Swali hili linaondoa nusu ya kazi, na halihitaji hata bisibisi.

Zimekufa zote, pamoja na taa za onyo: angalia fyuzi. Kwenye kisanduku mara nyingi imeandikwa GAUGE au METER, na kwa kawaida ni ya ampea 10. Usiitazame tu, ipime kwa multimita pande zote mbili swichi ikiwa imewashwa. Kuna fyuzi inayoonekana nzima lakini imepasuka kwenye shingo, na kuna ambayo ni nzima kabisa ila miguu ya kisanduku imeingia kutu. Fyuzi hiyo aghalabu inalisha na vitu vingine kama taa za kurudi nyuma. Ikiungua tena na tena, kagua nyaya za taa hizo kwanza, hasa pale zinapopita kwenye mkunjo wa mlango wa buti.

Geji ya mafuta na ya joto zimekosea kwa pamoja, nyingine ziko sawa: mtuhumiwa ni stebilaiza. Zote mbili zikilala chini, haipati umeme au haitoi. Zote mbili zikisoma juu kupita kiasi, kuna mawili: vigusano vya ndani vimeshikana, au stebilaiza imepoteza hasi yake na sasa inapitisha volti zote 12 moja kwa moja.

Geji zinacheza ukiwasha indiketa, au mshale unahama ukiwasha taa kubwa: hasi ya dashibodi ni mbovu. Umeme wa taa unatafuta njia ya kurudi betri kupitia geji. Hili ndilo tatizo linalowafanya watu wanunue geji bure kuliko lolote jingine. Pima hivi: swichi na taa zikiwa zimewashwa, weka ncha nyekundu ya multimita kwenye waya wa hasi nyuma ya geji, nyeusi kwenye nguzo hasi ya betri. Isizidi volti 0.1 au 0.2. Ukiona volti nzima au nusu volti, tafuta bolti ya waya huo, mara nyingi iko nyuma ya dashibodi au kwenye paneli ya mguuni upande wa dereva. Ifungue, piga msasa mpaka chuma king'ae, funga tena, kisha paka grisi kidogo juu ili kutu isirudi.

Kipimo cha ohm hakifai kwa kazi hii. Waya uliobaki na uzi mmoja utasoma ohm 0 vizuri tu, lakini hauwezi kubeba mzigo. Pima kushuka kwa volti umeme ukiwa unapita.

Imekosea moja tu: nenda kwenye sensa yake.

Kugawa njia katikati

Kipimo hiki kinatenganisha geji na sensa. Kinafaa kwa mafuta, joto na presha ya oili, mradi geji ni ya umeme.

1. Zima swichi, chomoa waya kwenye sensa.
2. Washa swichi. Kwa geji nyingi mshale uanguke chini kabisa, kwenye E (tupu) au C (baridi). Ukibaki juu wakati waya umechomolewa, waya huo umegusa bodi mahali fulani kati ya sensa na dashibodi. Tafuta ulipobanwa au kuchubuka.
3. Zima swichi, unganisha ule waya kwenye chuma safi cha injini au bodi kupitia balbu ya wati 3.4 au rezista ya ohm 22.
4. Washa swichi. Mshale upande juu. Usubiri sekunde 10 kama geji ni ya utepe, kisha zima.

Mshale ukipanda, geji na waya ni vizima. Sensa ni mbovu au haina hasi. Mshale usipopanda, rudia kipimo nyuma ya geji yenyewe. Ukipanda huko, waya wa katikati umekatika. Usipopanda na umeme unafika, geji imekufa.

Balbu au rezista ya hatua ya 3 si pambo. Wengi hugusa waya moja kwa moja kwenye bodi, na geji nyingi za sumaku huvumilia. Geji ya utepe iliyoundwa kwa volti 5 au 10 inaweza kuungua waya wake wa ndani kwa sekunde chache, na hapo uliyekuja na sensa mbovu unaondoka na geji mbovu.

Zipo zinazokwenda kinyume, na zimewachanganya wengi. Geji za mafuta za GM (General Motors) tangu 1965, na za VDO, watengenezaji wa geji wa Ulaya, ukinzani wa sensa huongezeka tangi linapojaa. Kwa hizo, waya ukichomolewa mshale unapita F, na ukigusishwa bodi unaanguka E.

Geji ya mafuta

Hapa ndipo kazi nyingi ilipo, kwa sababu sensa inaishi ndani ya petroli na kusuguliwa kila gari linapotikisika. Ndani kuna boya kwenye mkono, na mkono unabeba kigusano kinachoteleza juu ya njia ya waya mwembamba au kaboni.

Vipimo vya kawaida, kwa makadirio, ni hivi:

- Toyota nyingi za zamani: ohm 110 tangi tupu, karibu 3 likijaa.
- Geji za Smiths za volti 10: karibu ohm 240 tupu, 20 hadi 30 likijaa.
- Ford za Marekani zenye stebilaiza ya volti 5: karibu 73 tupu, 10 likijaa.
- GM tangu 1965: 0 tupu, 90 likijaa.
- VDO: 10 tupu, 180 likijaa.

Orodha hii inaeleza ugonjwa mmoja maarufu: sensa "mpya kabisa" inayosoma vibaya. Ukifunga sensa ya ohm 0 hadi 90 kwenye geji inayotaka 240 hadi 30, mshale hautakaa uwe sahihi hata uihangaikie vipi. Geji na sensa lazima viwe ndugu. Kabla ya kununua sensa, jaribu geji yako kwa rezista: funga ile ya ohm inayolingana na tangi kujaa, kisha ya nusu, kisha ya tupu, uone mshale unasimama wapi. Nusu ya Toyota, kwa mfano, iko karibu na ohm 32, kwa hiyo rezista ya 33 inapaswa kuupeleka katikati. Ikisoma sawa sehemu zote tatu, geji haina kosa na huna sababu ya kuigusa.

Kabla ya kutoa sensa, chunguza hasi yake. Tangi nyingi zimekalia mpira au zimepakwa rangi nzito, na hasi yao ni waya mmoja mwembamba uliofungwa kwa skrubu chini ya gari, mahali pa matope. Funga ule waya wako wa mita 3 kutoka kwenye kifuniko cha sensa hadi kwenye bodi safi. Banio la upande wa tangi lifunge kwanza swichi ikiwa imezimwa, la upande wa bodi baadaye, mbali na tangi, ili cheche ikitokea isitokee kwenye mvuke wa petroli. Geji ikirudi kusoma vizuri, kazi imekwisha: tengeneza waya wa hasi, na uache sensa ilivyo.

Ikibidi kuitoa:

1. Tumia mafuta mpaka tangi libaki robo au chini ya hapo. Kwenye magari ambayo sensa iko ubavuni mwa tangi, toa mafuta yote. La sivyo yatakumwagikia.
2. Ondoa hasi ya betri. Fanyia kazi nje au mahali penye hewa, pasipo moto, sigara wala taa ya balbu ya kioo inayoweza kuvunjika.
3. Safisha juu ya kifuniko kwa brashi na hewa, maana mchanga wote ulioko hapo utaingia tangini.
4. Skrubu zikigoma, tia dawa ya kulainisha kutu na usubiri. Pete ya kuzungusha igonge kwa kipande cha shaba au mbao ngumu. Chuma kwa chuma hutoa cheche.
5. Toa sensa kwa kuinamisha, taratibu, usipinde mkono wa boya.

Ikiwa mkononi, unganisha multimita, ncha moja kwenye terminali na nyingine kwenye kifuniko, kisha inua boya polepole kutoka chini hadi juu. Ohm zibadilike bila kuruka. Ukiona namba inapotea mahali pamoja, njia imelika hapo. Huko ndiko mshale ulikuwa unaangukia ghafla kila tangi lilipofika kiwango hicho. Kwa kawaida inalika sehemu ambayo gari huendeshwa zaidi, basi anayetia mafuta kidogo kidogo huiharibu sehemu ya chini. Uchafu mweusi unaweza kusafishwa kwa dawa ya umeme na kitambaa laini. Waya uliokatika haufufuki.

Tikisa boya karibu na sikio. Ukisikia petroli ndani, limetoboka, na ndiyo sababu mshale hauondoki E. Boya la shaba linaweza kulehemiwa baada ya kulikausha kabisa, ila mvuke uliobaki ndani ni hatari; boya jipya ndiyo njia salama. Ukirudisha sensa weka gasketi mpya. Ile ya zamani ikishavimba kwa petroli hairudi kwenye umbo lake, na harufu ndani ya gari itakukumbusha.

Geji ya joto

Kanuni ya kwanza hapa ni tahadhari: amini geji ikisema injini ina moto mpaka uthibitishe vinginevyo. Zima injini, ipoe, angalia maji. Na kuna uongo mmoja mbaya zaidi, wa mshale kushuka ghafla hadi C wakati gari linachemsha. Sensa inapima maji. Maji yakipungua hadi ikabaki hewani au kwenye mvuke, husoma chini. Mshale ulioshuka bila sababu barabarani ni sababu ya kusimama.

Sensa ya geji mara nyingi ina waya mmoja na iko karibu na thamostati (vali ya maji inayofunguka kwa joto). Usiichanganye na ile ya kompyuta ya injini, ambayo kwa kawaida ina nyaya mbili, wala na swichi ya feni. Ukichomoa isiyo yake utaona geji haibadiliki na utahukumu vibaya.

Baada ya kipimo cha kugawa njia kuonyesha geji ni nzima, ing'oe sensa injini ikiwa baridi na uining'inize kwenye sufuria ya maji, ncha tu ndani, pamoja na kipimajoto. Pima ohm maji yakiwa ya kawaida, kisha yakipanda. Sensa nyingi huanza na mamia ya ohm na kushuka hadi makumi machache maji yakikaribia kuchemka. Kushuka kuwe kwa utaratibu. Isiyobadilika imekufa.

Wengi hukosea kwenye kuirudisha. Sensa ya waya mmoja hupata hasi kupitia nyuzi zake. Ukizungushia utepe mweupe wa mabomba mara tano, unaweza kuikatia hasi na geji ikasoma chini. Nyuzi nyembamba kuelekea ncha hujibana zenyewe. Zikihitaji msaada, tumia dawa kidogo tu ya kuzibia, kisha pima volti kati ya mwili wa sensa na hasi ya betri kuhakikisha.

Geji ikisoma chini siku zote, hasa kwenye mwendo wa kasi, na ikapanda kwenye foleni, huenda inasema kweli. Thamostati iliyoganda wazi hufanya hivyo hivyo. Itoe uitie kwenye sufuria ile ile: iliyoandikwa 82 ianze kufunguka karibu na nyuzi 82 na ijifunge ikipoa. Ikiwa wazi kwenye maji baridi, umempata mhalifu na sensa haihusiki.

Presha ya oili

Taa nyekundu ya oili ikiwaka injini ikiunguruma, zima injini papo hapo. Usiendeshe mpaka nyumbani kwa kujiambia kwamba ni sensa. Huenda ni sensa kweli, lakini gharama ya kukosea ni injini.

Angalia kiwango cha oili. Kikiwa sawa, fungua sensa na uweke mahali pake geji ya mkono yenye bomba, nyuzi zikilingana. Pasha injini moto, soma. Makadirio ya jumla ni psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika, yaani karibu bar 0.7, lakini kitabu cha gari ndicho kinachohukumu. Presha ikiwa nzuri, badilisha sensa bila wasiwasi.

Kuna mitego miwili. Swichi ya taa na sensa ya geji hufungwa tundu moja, ila ya geji huwa na kichwa kikubwa kama kikopo. Aliyefunga swichi ya taa mahali pa sensa ya geji atapata mshale unaojua sehemu mbili tu, mwanzo na mwisho. Mtego wa pili ni kipimo: VDO walitengeneza sensa za bar 5 na za bar 10 zote zikiwa na ohm 10 hadi 180. Ukizibadilisha, geji itasoma nusu au mara mbili ya ukweli, kwa utulivu kabisa.

Taa ya chaji na ampmita

Swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa, taa ya betri lazima iwake. Isipowaka, usifurahi. Kwenye mifumo mingi ya zamani umeme wa kuiamsha alteneta unapitia ndani ya balbu hiyo. Balbu ikiungua, alteneta inaweza isichaji mpaka uipige resi, au isichaji kabisa. Kwa sababu hiyo hiyo, anayeweka balbu ya LED hapo anajitafutia shida, maana haipitishi umeme wa kutosha. Rudisha balbu ya kawaida yenye wati za kiwandani.

Voltimita thibitisha kwa multimita kwenye betri: karibu 12.6 injini ikiwa imezimwa na betri imejaa, 13.8 hadi 14.4 ikiunguruma. Zaidi ya 15, regyuleta (kidhibiti volti) ndiyo mbovu.

Gari lenye ampmita (geji ya ampea) lina nyaya nene zinazobeba umeme karibu wote wa gari hadi nyuma ya dashibodi. Nati zikilegea pale, zinapata moto wa kuyeyusha plastiki. Zikaze betri ikiwa imetolewa hasi.

Spidomita

Ya kebo inajieleza vizuri. Mshale wa spidi na kilomita vimekufa pamoja: kebo imekatika, imechomoka, au pinioni (gia ndogo) ya giaboksi imeliwa. Spidi inafanya kazi lakini kilomita hazihesabu: gia ndogo ya plastiki ndani ya kichwa (geji yenyewe) imepasuka. Kilomita zinahesabu lakini mshale umelala: sumaku, kikombe cha alumini au springi ya unywele. Mshale unaruka na kuna mlio: kebo ni kavu au imekunjwa.

Chomoa kebo juu, vuta uzi wa ndani, uufute na uuviringishe juu ya meza. Ukirukaruka umepinda, badilisha. Ukiwa mnyoofu, paka grisi nyepesi ya grafiti theluthi mbili za chini tu. Sehemu ya juu iache kavu, maana grisi hupanda kwa kuzunguka, huingia kichwani na kugandisha kikombe. Njia ya kebo isiwe na kona kali. Mzingo wenye nusu kipenyo cha sentimita 15 ndio mdogo wa kukubalika.

Kichwa unaweza kukijaribu mezani kwa drili ya kasi inayorekebishwa. Vichwa vingi vya Kijapani husoma km 60 kwa saa vikizungushwa mara 637 kwa dakika. Vya Marekani kwa kawaida husoma maili 60 kwa saa kwa mizunguko 1,000 kwa dakika. Zungusha kwanza kwa vidole uone upande ambao mshale unanyanyuka. Kinyume chake utauvunja.

Spidi ikizidi au kupungua kwa kiwango kile kile muda wote, tazama matairi kabla ya kitu kingine. Kipenyo kikibadilika kwa asilimia 5, usomaji nao unabadilika kwa asilimia 5.

Takomita

Geji hii ya mizunguko ya injini, kwenye gari la petroli, huchukua ishara upande hasi wa koili ya kuwashia, ya dizeli mara nyingi terminali W ya alteneta. Takomita ya dizeli ikiyumba, kagua mkanda wa alteneta unaoteleza kabla ya kuilaumu. Ikisoma mara mbili au nusu, imepangwa kwa idadi tofauti ya silinda. Baadhi zina swichi ndogo nyuma ya kuchagua idadi hiyo. Ikifa siku ile ile pointi (vigusano vya kukatia umeme wa koili) zilipoondolewa na kuwekwa mfumo wa kielektroniki, hasa ikiwa ya zamani inayopima umeme unaopita kwenye waya, haielewani tena na koili na inahitaji kubadilishwa saketi ya ndani.

Ukilazimika kufungua dashibodi

Toa hasi ya betri. Gari likiwa na mifuko ya hewa, subiri dakika kadhaa kabla ya kugusa chochote karibu na usukani. Piga picha kila plagi, andika kilomita zilizopo. Kebo ya spidomita mara nyingi ina kibanio cha kubonyeza. Ukivuta kwa nguvu kabla ya kukibonyeza utakipasua.

Nyuma ya geji utakuta ukurasa wa plastiki wenye njia za shaba. Tafuta njia iliyonyanyuka, iliyoungua, au nati ya geji iliyolegea, kwa kuwa nati hizo ndizo zinazoshika geji na kupitisha umeme kwa wakati mmoja. Miguu iliyofifia isugue kwa kifutio cha penseli, kisha pangusa kwa spiriti. Usitumie sufi ya chuma. Vipande vyake vitabaki humo na kuunganisha visivyopaswa. Njia iliyokatika inaweza kurukwa kwa waya mwembamba uliolehemiwa, mkono ukiwa mwepesi kwa sababu plastiki inayeyuka haraka. Kwenye geji za bodi ngumu za miaka ya 1980 na 1990, angalia lehemu yenye ufa wa duara kwenye miguu ya plagi, na kapasita zilizovuja.

Stebilaiza ya zamani huwaka na kuzima, hivyo multimita ya dijitali itaonyesha namba zinazorukaruka. Tumia taa ya majaribio: ikipepesa, inafanya kazi, ikiwaka mfululizo kwa dakika nzima, imeshikana au haina hasi. Badala yake unaweza kuweka IC (kisaketi kidogo cha kielektroniki) 7810 kwa volti 10 au 7805 kwa volti 5, pamoja na kapasita za mikrofaradi 0.33 kwenye kuingia na 0.1 kwenye kutoka, kibati chake kikifungwa kwenye chuma kwa ajili ya hasi na kupoa. Hiyo ni kwa gari lenye hasi kwenye bodi. Gari la kale lenye chanya kwenye bodi linataka 7910 au 7905, ambazo kibati chake kimeungwa upande wa kuingia umeme, si kwenye bodi, na lazima kitengwe kwa karatasi ya mika.

Usivute mshale wa geji ili kuurekebisha isipokuwa umeshindwa kabisa. Ukilazimika, weka alama kwa utepe mahali uliposimama. Kioo cha plastiki kipanguse kwa maji na sabuni pekee. Spiriti na petroli vinakipasua. Kabla ya kurudisha skrubu zote, unganisha plagi, rudisha hasi ya betri na uwashe swichi ujaribu kila geji na kila taa ya onyo geji zikiwa bado mkononi.